Nyakoth Hahamishwi

Miaka ile nilipokuwa bado nalala kitanda kimoja na nyanya yangu, mwaka kwetu haukuanza Januari. Ulianza siku ambayo chura mmoja mdogo aliita kutoka kwenye kinamasi nyuma ya boma, naye nyanya akasikiliza, akahesabu siku tatu, kisha akasema, "Haya. Kesho tunapanda."

Tulimwita Dani, kama Wajaluo wanavyomwita nyanya. Alikuwa mama yake baba. Boma letu lilikuwa Nyamasaria ya chini, upande ambao ardhi inateremka polepole kuelekea ziwani na maji ya mvua, yakikosa njia, yanatuama. Siku hizi mtu akisikia Nyamasaria anafikiria maghala, vituo vya mafuta na nyumba za kupanga zilizobanana kando ya barabara kuu ya Nairobi. Wakati huo, ukivuka tu ua wetu ulikuta mafunjo marefu kuliko mtu, na chini yake matope meusi yenye harufu ambayo mpaka leo nikiipata mahali popote, hata nikiwa nimevaa nguo za kazi na viatu vya kisigino, nasimama kidogo.

Vyura walikuwa wengi. Kulikuwa na wale wakubwa wa kijani waliopiga kelele mwaka mzima, ambao hakuna aliyewajali. Lakini huyu mmoja alikuwa wa aina yake. Hakuzidi kidole gumba cha mtu mzima. Ngozi yake ilikuwa kavu na yenye vipele, rangi ya majivu, na mstari mwembamba mweupe ulimpita mgongoni kutoka puani hadi mwisho. Mwaka mzima humwoni. Mvua za Machi zikikaribia ndipo anaita, siku chache tu, na sauti yake ilikuwa kama mtu anayepitisha ukucha kwenye meno ya kitana, kisha ananyamaza, kisha anapitisha tena. Dani alimwita Nyakoth, yaani binti wa mvua. Nimewauliza watu wa Ahero, wa Kendu Bay, na wa Port Victoria ninakofundisha sasa, na sijapata hata mmoja anayelijua jina hilo kwa chura. Huenda lilikuwa la boma letu peke yake.

Dani aliamini kwamba mvua ya kwanza inaweza kumdanganya mtu. Inanyesha mara mbili, watu wanatoa mbegu zote, halafu inaondoka. Nyakoth hadanganyiki. Basi jirani zetu walipokimbilia mashamba baada ya ngurumo ya kwanza, Dani alikaa mlangoni mwa jikoni, kichwa amekiinamisha upande wa sikio lake zuri, akingoja. Watu walimcheka kidogo. Lakini sikumbuki mwaka ambao tulikosa mavuno, ingawa nakiri kwamba mtoto hakumbuki njaa ambayo wazazi wamemficha.

Miiko yetu juu ya Nyakoth ilikuwa miwili. Wa kwanza ulikuwa kutomuua, na huo niliuelewa. Wa pili ulinitia hofu zaidi.

"Nyakoth hahamishwi," Dani alikuwa akisema. "Mama yake amemweka pale. Ukimtoa atarudi, na akirudi asipakute mahali pake, aliyemtoa atalia."

"Atalia kwa nini, Dani?"

"Utajua siku utakayolia."

Nilikuwa naamini kabisa. Nasema hivi kwa sababu watu wazima tukisimulia mambo ya utotoni hupenda kujifanya tulikuwa wajanja, tukiwacheka wazee kimoyomoyo. Mimi sikuwa mjanja. Nilipopita kando ya kinamasi nilikuwa nakunja mikono kifuani ili nisije nikamgusa kwa bahati mbaya.

Nilikuwa na miaka kumi, darasa la tano, lori zilipokuja. Ilikuwa mwishoni mwa Februari, ardhi imepasuka kwa ukame na kinamasi kimebaki kiraka cha matope katikati. Asubuhi moja tuliamshwa na ngurumo tukadhani ni mvua. Tulipotoka tuliona lori la kwanza likiinua mgongo na kumwaga maramu, ule udongo mwekundu wa changarawe, juu ya mafunjo. Halafu la pili. Tingatinga lilikuwa likisawazisha nyuma yake.

Baba alikwenda kwa chifu siku hiyo hiyo. Alirudi saa nane, akakaa kwenye kigogo nje ya jikoni bila kuvua kofia.

"Mama, karatasi zao ni sawa," alimwambia Dani. "Nimeziona mwenyewe. Mihuri yote iko."

"Nani amenunua?"

"Sijui. Wanasema mwenyewe anakaa Nairobi."

"Na maji yataenda wapi?"

Baba aliangalia viatu vyake. "Hakuna aliyeuliza hilo."

Ndiyo mara ya kwanza nilipomwona baba akiwa hana la kufanya. Alikuwa fundi wa mabomba, mtu aliyeitwa na watu wa Milimani kwenye nyumba zao kubwa maji yalipowashinda, na mimi nilikuwa nikidhani hakuna jambo la maji lisiloweza kurekebishwa naye.

Kesho yake Dani alichukua fimbo yake akaniambia nimfuate. Alitaka nimfasirie, maana Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu. Msimamizi wa kazi alikuwa mtu wa Murang'a, Bwana Njoroge, mnene kidogo, amevaa gambuti na kofia ya manyoya licha ya joto. Alipomwona mama mzee anakuja alizima redio yake ndogo na kusimama.

"Wewe kijana," Dani alisema, hakungoja mfasiri. "Hii maji iko na mwenyewe."

"Mama, huyo mwenyewe ndiye amenituma."

"Si huyo. Mwenyewe ya ndani."

Bwana Njoroge alinitazama. Nikamweleza, kwa aibu, kwamba kuna chura. Nilimwambia kuhusu mvua na kupanda. Nilitegemea acheke, na sijui kama ingekuwa heri angecheka. Badala yake alivua kofia akajikuna kichwa.

"Nyanya yangu, cucu, pia alikuwa hivyo," alisema. "Yeye alimsikiliza ndege." Kisha akamgeukia Dani akasema polepole, kama watu wanavyosema na mzee wasiyejua lugha yake. "Mama, mimi nimetumwa tu. Nikikataa leo, kesho analetwa mtu mwingine."

Dani alikwisha kugeuka kuondoka ndipo Bwana Njoroge akaniinamia. "Sikiza, msichana. Jumapili hatufanyi kazi. Upande ule wa mafunjo, tutaumwagia Jumatatu asubuhi. Kama kuna kitu mnataka kutoa, toeni Jumapili."

Tulipofika kwenye ua Dani aliniuliza, "Amekuambia nini?"

"Amesema anasikitika," nikajibu.

Sijui kwa nini nilimdanganya. Nafikiri nilijua tayari nitakalofanya, na nilijua angenikataza.

Nilimweleza Awuor peke yake. Awuor alikuwa binti wa ndugu yake baba, tukiishi boma moja, tumepishana miezi michache tu, na yeye alikuwa na moyo kuliko mimi. Jumapili hiyo tulisema tunaumwa na tumbo. Wakubwa wote walikwenda kanisani. Tulipowasikia wamefika barabarani tukachukua ndoo mbili za rangi za baba, tukaweka nyasi mbichi na maji kidogo chini, tukaingia kwenye mafunjo.

Mimi ndiye niliyeleta wazo, lakini tulipofika nilishindwa kuinama. Nilisimama nimekunja mikono yangu. Awuor aliniangalia, akatoa mifuko ya plastiki aliyokuwa ameificha kwenye nguo yake, akanivika mikononi na kuifunga kwa nyuzi za gunia.

"Sisi hatuwashiki," alisema. "Mifuko ndiyo inawashika."

Hoja hiyo ilinitosha. Tulichimbua chini ya mashina ya mafunjo, mahali ambapo matope yalikuwa bado na unyevu, na kweli walikuwepo, wamejikunja katika vishimo vyao, baridi na wazito kama kokoto. Wengine walifungua jicho moja na kulifunga tena. Tulichimba mpaka migongo ikauma. Sikuwahi kudhani kuna wengi kiasi kile. Ndoo zilijaa mpaka karibu na ukingo, na bado upande wa pili wa mafunjo hatukuugusa, kwa sababu jua lilikuwa limepanda na tuliogopa watu watarudi.

Tuliwabeba kuvuka barabara kuu. Ng'ambo kulikuwa na mashimo ambayo wafyatua matofali walichimba na kuyaacha, na baadhi yake yalikuwa na maji na matete. Tukawamwaga pale taratibu. Walikaa kidogo kama wamelewa, halafu mmoja mmoja wakaanza kurudi nyuma, wakijizika kwa miguu ya nyuma, mpaka ukingo wa shimo ukabaki udongo mtupu kana kwamba hatukuleta kitu. Awuor alicheka kwa furaha. Tulinawa mikono, tukarudi, tukajilaza na kujifanya wagonjwa. Mama aliponiletea uji nilikuwa na furaha ambayo ilinibidi kuificha ndani ya bakuli. Tangu siku hiyo sijawahi tena kuwa na uhakika wa namna ile kwamba nimefanya jambo jema.

Jumatatu walimalizia upande uliobaki.

Mvua kubwa ya kwanza ilikuja kama wiki mbili baadaye. Ilinyesha usiku kucha na kulipopambazuka ilikuwa imekwisha, anga limeoshwa, lami inatoa mvuke. Mimi na Awuor tulikuwa tunakwenda shule, viatu mkononi. Tulipofika barabara kuu Awuor alisimama.

"Ni nini ile?"

"Majani," nikasema.

Hayakuwa majani. Walikuwa wametapakaa kwenye lami, kuanzia mbele ya kibanda cha kuuza muda wa simu hadi karibu na kalavati. Wengi walikuwa wamekanyagwa, wamebaki alama tu yenye mstari mweupe katikati. Lakini wengine walikuwa hai na wanatembea, maana Nyakoth haruki sana, hutembea, mguu mmoja baada ya mwingine kama mzee anayepanda ngazi. Wote walielekea upande mmoja. Wote walikuwa wanaelekea kwetu. Na kwenye mtaro wa ng'ambo wengine walikuwa bado wanapanda.

Lori likaja. Nilifumba macho na nikasikia.

Tulitupa mikoba yetu chini tukaingia barabarani. Hatukukumbuka mifuko wala mwiko, tuliwaokota kwa mikono mitupu, viganja vikajaa, na hapo ndipo Awuor akaniuliza swali ambalo mpaka leo sijalijibu.

"Tuwapeleke upande gani?"

Tukiwarudisha kwenye mashimo watatoka tena. Tukiwavusha, huko mbele kuna maramu. Nilisimama katikati ya barabara nimeshika vyura mikononi, mioyo yao inapiga juu ya vidole vyangu, na sikujua upande wa kwenda.

"Nyinyi watoto, mtagongwa!" Mwendesha bodaboda mmoja alikuwa amesimama. "Tokeni hapo. Mnacheza na vyura, mna akili kweli?"

Tuliwavusha. Ulikuwa ndio upande waliotaka. Tukaenda nao mpaka ukingo wa ile maramu, ambayo sasa ilikuwa imeshindiliwa na kulowa, laini kama sakafu, tukawaweka chini. Waliingia wenyewe bila kusitasita. Walitembea hatua kadhaa juu ya ule udongo mwekundu, wakasimama. Mmoja alijaribu kujizika kwa miguu ya nyuma, lakini udongo ulikuwa mgumu, akawa anajizungusha tu palepale. Walikuwa wamefika. Walijua kwamba wamefika, naamini hivyo, na ndiyo sababu hawakwenda mbele tena. Yangeyange, wale ndege weupe, walikuwa wameanza kushuka, na ilikuwa karibu saa mbili, na kengele ya shule imekwisha kulia.

Jioni tulipotoka shuleni tulimkuta Dani amesimama palepale ukingoni, ameegemea fimbo. Hakukuwa na chura hata mmoja tena, jua na ndege walikuwa wamekwisha kufanya kazi yao. Lakini alikuwa amepita barabarani na ameona.

"Mliwapeleka wapi?" aliuliza.

Awuor alianza kulia. Mimi nikajibu, "Kwenye mashimo ya matofali."

"Mlijaza ndoo ngapi?"

"Mbili."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekuwa amekadiria hivyo hivyo. "Na yule kijana wa udongo, siku ile, alikuambia nini hasa?"

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akageuka, akaenda zake jikoni. Nilimfuata kwa mbali nikingoja anichape, na nilitamani anichape. Aliwasha moto, akapika, akatupakulia kama siku zote.

Kisha ukaja wakati wa kupanda.

Mashamba yote yaliyotuzunguka yalikuwa na watu. Kila asubuhi nilisikia majembe. Mbegu za Dani, mtama mwekundu na mahindi madogo ya manjano aliyokuwa akiyatunza mwaka hadi mwaka, zilikuwa kwenye chungu darini, juu ya meko, zimefunikwa kwa majivu. Hakuzigusa.

"Mama, watu wote wamepanda," mama yangu alimwambia siku moja kwa upole. Mke wa mwana hamlazimishi mama mkwe wake.

"Bado hajaita."

Baba ndiye aliyesema lile ambalo sisi sote tulikuwa tunaliogopa. "Mama, hakuna wa kuita tena."

"Basi hakuna wa kupanda," Dani akasema, na hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa akieleza tu mambo yalivyo. Jioni alikaa mlangoni, kichwa amekiinamisha, akisikiliza upande ule wenye maramu. Iliendelea hivyo wiki ya kwanza, wiki ya pili. Mahindi ya jirani yalikuwa yamefika kwenye kifundo cha mguu.

Mwanzoni mwa wiki ya tatu nilichukua kitana cha mama.

Nilikwenda nikajificha nyuma ya choo, karibu na ua, saa kumi na mbili ya jioni wakati kuna manyunyu. Nikapitisha ukucha kwenye meno ya kitana. Haikufanana. Nikajaribu kwa kijiti cha kibiriti, polepole, nikiifuata ile sauti niliyokuwa nimeisikia kila mwaka wa maisha yangu, na ikatoka. Ilitoka vizuri mpaka nywele zikanisimama. Niliita, nikanyamaza, nikaita. Mkono ulipochoka nikatumia mwingine. Nilifanya hivyo jioni tatu, na kila nilipoingia ndani nilimkuta Dani amekaa palepale mlangoni.

Baada ya jioni ya tatu alisimama, akashusha chungu.

"Haya," akasema. "Kesho tunapanda."

Baba na mama walitazamana. Hawakuwa wamesikia kitu, au walisikia wakanyamaza, sijawahi kuwauliza. Tulipanda siku tatu. Dani alichimba mashimo na mimi nikadondosha mbegu, mbili mbili, na kufukia kwa kisigino. Alikuwa akiimba kwa sauti ya chini. Nilijiona nimelipa kila kitu.

Zilipoota na kutoa majani mawili, mvua ikakatika.

Ilikatika kwa wiki nyingi. Mimea ya jirani ilikuwa na mizizi tayari, ikanyauka lakini ikavumilia. Yetu ilikuwa bado changa. Nilibeba maji kutoka kisimani kwa kopo, mstari baada ya mstari, kabla ya shule na baada ya shule, na baba akanisaidia bila kuniuliza kwa nini nalia. Haikufaa kitu. Majani yalijikunja, yakawa kama karatasi, na upepo wa ziwani ukayaondoa. Mvua iliporudi, chungu kilikuwa kitupu. Mbegu zile zilikuwa zimetoka kwa mama yake Dani, na kwa mama wa mama yake.

Nilimfuata siku moja akipeta maharagwe.

"Dani, ni mimi niliyekuwa naita."

"Najua."

"Ulijua lini?"

"Siku ya kwanza." Alipeperusha makapi, akatazama yanakoangukia. "Nyakoth hapumziki ili abadilishe mkono."

"Kwa nini basi ulipanda?"

Vidole vyake viliendelea kutenga maharagwe mabovu.

"Nilikuwa nimechoka kungoja, nyakwara, mjukuu wangu," akasema. "Na ulikuwa unaita vizuri."

Msimu uliofuata baba alinunua mbegu za dukani, mama akapanda kwa kufuata utabiri wa redio, na tulivuna kama watu wengine. Dani aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alifuga kuku, alisuka mikeka mpaka mafunjo ya karibu yakaisha, aliwalea wadogo zangu. Jembe hakulishika tena. Watu walipouliza alisema mgongo unamuuma.

Mimi nikawa mwalimu wa biolojia. Watu hudhani nilichagua hivyo kwa sababu ya yale yaliyotokea, lakini ukweli ni kwamba ndiyo nafasi iliyopatikana. Hata hivyo nilisoma mambo ambayo ningependa kumsimulia Dani. Nilijifunza kwamba chura dume anaita pale tu mbele yake pana maji ya kutosha mayai kuwa viluwiluwi na viluwiluwi kuwa vyura, na kwamba wapo wanaorudi kutaga mahali walipozaliwa, hata kama njiani wanapita madimbwi mengine mazuri. Sidai kwamba Nyakoth alijua mvua. Huenda alijua tu kipimo cha maji katika kinamasi kimoja, nyuma ya boma moja.

Mwaka jana walikuja shuleni kwetu Port Victoria watafiti wawili vijana, mwanamke na mwanamume, wanaozunguka mwambao wa ziwa kutafuta vyura ambao hawajaonekana kwa muda mrefu. Walikuwa wakiwauliza wavuvi na wakulima, na mkuu wa shule akawaleta kwangu kwa kuwa mimi ndiye wa biolojia. Yule binti alinionyesha picha kwenye simu. Nyingi nilizijua kwa sababu wapo kila mahali. Halafu akafika kwenye picha ya chupa ya kimiminika, na ndani ya chupa mwili mdogo wa kijivu uliokunjamana.

"Huyu tunaye mmoja tu, na ni wa zamani sana," alisema. "Hatujui hata alikuwa na sauti gani. Umewahi kumwona, Madam?"

Nilikaa chini. Niliwaeleza yote, kuanzia lori hadi lami, na yule kijana akaacha kuandika katikati akanisikiliza tu. Nilipomaliza binti aliniuliza kama nina picha, au kama mtu yeyote wa nyumbani alihifadhi hata mmoja. Nikamwambia hapana.

"Basi tutaandika kuwa ni maelezo ya mdomo," alisema, na nilimwona anavyoona aibu kusema hivyo. Kisha akaongeza, "Madam, hata sisi tumewahi kuwahamisha wanyama mahali. Wakati mwingine hakuna lingine la kufanya. Na wakati mwingine wanarudi."

Jumamosi moja niliwapeleka Nyamasaria. Awuor, ambaye ana duka lake kule, alifunga akaja nasi. Kinamasi sasa ni ghala na uwanja wa kuegesha magari, ukuta mrefu wenye waya juu, na mlinzi aliyetuuliza kwa adabu tunatafuta nini. Yalipokuwa mashimo ya matofali pana kanisa. Tulitembea siku nzima kwenye mitaro na nyuma ya vyoo vya watu, tukifunua mawe na mabati. Tuliwapata wale wakubwa wa kijani. Jioni watafiti walitushukuru, wakapanda gari lao, na Awuor akanishika mkono kama tulivyokuwa tukishikana zamani tukivuka barabara, tukarudi dukani kwake tukanywa chai.

Nimefikiri sana juu ya maneno ya Dani. Kwa miaka mingi niliyabeba kama laana iliyonipata, kwamba niligusa nisichopaswa kugusa na nikalia kama alivyosema. Siku hizi naona Dani hakuwa ananitisha. Alikuwa ananieleza tabia ya mnyama aliyemwangalia maisha yake yote, kwa maneno aliyokuwa nayo, na mimi nikasikia hofu tu. Ningemwelewa, nisingewavusha barabara ile. Ningewaacha walale walipo chini ya mafunjo, wote, siku ile ya Jumapili.

Na Jumatatu lori zingekuja vilevile.